Ajali ikitokea, kwa nini ofisi zetu huzima simu kwanza?

#1 KaraniWaTiketi

Wakuu, salaam. Jambo hili limenikaa kifuani zaidi ya miaka kumi, leo nalitoa.

Nilikuwa karani wa tiketi kwenye kampuni moja ya mabasi, nakaa dirishani stendi ya Morogoro. Jioni moja basi letu la Dodoma likapinduka mbele ya Gairo. Habari niliipata kwa dereva wa lori, kampuni yenyewe ilikuwa haijaniambia kitu. Nikampigia meneja. Akasema: "Zima simu ya ofisi, funga dirisha, asiongee mtu mpaka mkurugenzi afike." Mkurugenzi alikuwa Dar.

Simu ya ofisi ilikuwa kitochi kimefungwa kamba kwenye mguu wa meza, na namba yake ndiyo iliyochapwa kwenye kila tiketi. Nikakizima. Nilipokiwasha alfajiri meseji ziliingia mfululizo mpaka kikaganda. "Dada naomba uniambie tu kama alipanda." "Siti ya 14 tafadhali." Moja ilikuwa na neno moja tu: "Jamani."

Usiku uleule mzee mmoja alikuja dirishani. Alivua kofia, akaniuliza kwa upole kama mwanawe yumo kwenye lile basi. Nikamjibu, "Mzee, sijaruhusiwa kusema." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa kwenye ngazi za jengo, kofia magotini.

Na mimi droo yangu ilikuwa na vishina vya tiketi zote za siku ile. Majina ni yale ya stendi, "Mama Zai", "Askari", "Mwl na mtoto", lakini yalikuwemo.

Naomba tujadili kwa dhati. Kwa nini taasisi zetu, ziwe za mabasi, hospitali, shule au serikali, jambo likiharibika hatua ya kwanza ni kunyamaza? Ni woga, ni sheria, au hawajui la kufanya? Mimi naamini ningeisoma ile orodha kwenye simu, pamoja na ubovu wake wote, watu wengi wangelala usiku ule.

---

#2 Kapuku

Pole sana. Hiyo meseji ya "Jamani" imenikata maini. Naweka kambi hapa.

---

#3 JichoLaTatu

Jibu ni woga wa mkubwa, tusizunguke. Nchi hii mtu wa chini hapewi mdomo. Ukisema kitu kikawa sivyo, unaondoka wewe. Ukinyamaza watu wakaumia, hakuna anayeondoka. Sasa wewe karani ungechagua lipi?

Na hata wakubwa wakisema huwa wanabahatisha. Kumbukeni ile ndege ya Bukoba, asubuhi tuliambiwa waliookolewa ni 26, baadaye wakawa 24. Ndugu wa wale wawili walipitia nini?

---

#4 Rubani_wa_Karatasi

JichoLaTatu, tuweke sawa rekodi kidogo. Ile ilikuwa Precision Air, tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR 42 iliyotoka Dar kwenda Bukoba ikaanguka Ziwa Victoria. Ndani walikuwa watu 43, abiria 39 na wafanyakazi 4. Walifariki 19, marubani wote wawili wakiwemo, wakapona 24. Na shirika halikuzima simu, lilitoa taarifa siku ileile. Ile 26 ilitoka upande wa uongozi wa mkoa, ndege ikiwa bado majini na watu wanatolewa.

Mimi simlaumu aliyesema 26. Alisema alichokihesabu saa ile, kisha hesabu ikarekebishwa hadharani. Ndivyo dharura ilivyo, namba ya kwanza karibu kila mahali huwa na makosa.

---

#5 Nshomile_wa_Kashai

Waitu, naomba nichangie kwa sababu mimi nilikuwa ufukweni.

Ilikuwa Jumapili, mvua na wingu zito, wengine wako kanisani. Nilipofika mkia ulikuwa juu ya maji, pua na mabawa yamezama. Waliokuwa wa kwanza kuifikia ni wavuvi kwa mitumbwi yao, watu ambao hawana cheo wala mpango wa dharura wa kurasa arobaini. Wanajua upepo, wanajua kina, na wana kasia mkononi. Baadaye ikaletwa kamba ndefu, nikaishika na mimi. Mikono mingi kwenye kamba moja, mama kwa kijana, tunavuta huku mtu anahesabu moja mbili tatu. Kamba ilikuwa inakata viganja, hakuna aliyeachia.

Kijana mvuvi Majaliwa Jackson akatajwa nchi nzima, akapewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Halafu ukaja ubishi wa nani hasa alifungua mlango wa nyuma, yeye au waliokuwa ndani. Sitaki kuingia humo. Ninachosema, uwanja uko kando ya ziwa, ndege zinatua juu ya maji kila siku, na bado siku ya shida tegemeo la kwanza likawa mvuvi aliyetoka kutega nyavu zake. Jambo la kunyamaza au kusema ni la pili. La kwanza ni kwamba hatujiandai.

---

#6 Kapuku

Nshomile leo umeandika aya nzima bila kututajia digrii zako, hongera sana. Lakini nakuunga mkono kwa asilimia zote.

---

#7 Nshomile_wa_Kashai

Kapuku, digrii nimeziacha kabatini kwa heshima ya uzi.

---

#8 BimaNiAkiba

Wakuu, mimi nafanya kazi ya bima, naomba nilete upande ambao haujasemwa.

Mkataba wa bima ya gari kwa kawaida huwa na sharti kwamba mwenye bima asikiri kosa wala asiahidi malipo kwa mtu yeyote bila idhini ya kampuni ya bima. Mwenye basi akisikia "ajali", kitu cha kwanza kichwani ni kwamba akifungua mdomo vibaya madai yatakataliwa, na hapo mali yake ya maisha imekwenda. Mwanasheria wake naye atamwambia hivyohivyo. Ndiyo maana taarifa zao huwa zimekaa kama barua ya posa, maneno mengi na hakuna kilichosemwa.

Lakini hapa ndipo watu wanapochanganya. Kukiri kosa ni kusema "dereva wetu alikuwa na mwendo mkali." Kumwambia mzee kwamba jina la mwanawe limo au halimo kwenye orodha si kukiri chochote. Kutoa pole si kukiri. Kusema abiria wamepelekwa hospitali gani si kukiri. Nimekaa kwenye mafaili ya madai miaka mingi, sijaona dai lililokataliwa kwa sababu ofisi ilipokea simu.

---

#9 Mvita254

Salaam kutoka Mombasa. Mada nzuri, ila nataka kuleta kesi ya upande wa pili.

Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, KQ507, ilianguka usiku mara tu baada ya kuruka kutoka Douala, Kameruni. Watu 114, hakuna aliyepona. Msako ulianza mbali sana kusini mwa mji, kwenye msitu, na dunia nzima ikatangaza huko. Mabaki yalikuja kuonekana zaidi ya siku moja baadaye kwenye kinamasi cha mikoko, kama kilomita 5 tu kutoka uwanja uleule. Siku nzima familia zilikuwa zinashikilia tumaini kwamba ndege imetua msituni na pengine wapo walio hai.

Kwa hiyo ndugu yangu KaraniWaTiketi, neno likisemwa upesi halafu si la kweli nalo linaua. Ungesoma ile orodha, na "Mama Zai" wakawa watatu mjini, ungelia na nyumba ngapi?

---

#10 KaraniWaTiketi

Asante Mvita254, hilo nimelifikiria miaka yote. Lakini sikusema watu watangaze wasilolijua. Kuna kauli ambayo haihitaji uhakika wowote: "Basi letu limepata ajali, hatujajua nani kaumia, majeruhi wanapelekwa hospitali fulani, piga tena saa nne utatukuta." Hapo hakuna uongo. Yule mzee asingekaa kwenye ngazi, angejua aelekee wapi.

---

#11 MwalimuMstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Mmetaja woga, bima na maandalizi. Mmesahau malezi yetu.

Kwetu habari ya msiba haitupwi. Mtu amefariki Muhimbili saa tisa usiku, nyumbani kijijini utapigiwa uambiwe "mzee hali yake si nzuri, njoo." Njiani unapigiwa tena, "amezidiwa." Unakuta turubai limeshafungwa uani ndipo mjomba anakushika mkono, anakukalisha, anakwambia. Tunafanya hivyo kwa huruma, ili mtu asianguke barabarani. Kila mmoja wetu amewahi kudanganywa namna hiyo, na baadaye akashukuru.

Sasa meneja wa kampuni amelelewa humohumo. Ajali ikitokea anafanya alichofundishwa: anaficha kwanza, anatafuta mtu mzima wa kusema, anasubiri wote wakae. Kosa ni kwamba yeye si mjomba. Hayupo kukushika mkono. Amechukua ukimya wa ndugu akaupeleka ofisini, na ofisini ule ukimya hauna mkono wa kumshika mtu.

---

#12 Kapuku

Mwalimu, hii ya turubai umenirudisha mwaka niliompoteza baba. Niliambiwa "amezidiwa" nikiwa Kibaha, nikafika Korogwe nakuta viti vimepangwa. Shikamoo yako.

---

#13 NesiKagera

Mwalimu shikamoo. Nakuheshimu sana lakini kwa hili napingana na wewe kidogo, kwa sababu huruma ya kuficha ikiingia kwenye ugonjwa inaua.

Machi 2023 mkoani kwetu watu walianza kufa kwa homa, kutapika na kutokwa damu. Hakuna aliyejua ni nini. Kwa siku zile chache mtaani palisemwa kila kitu: sumu, uchawi, chakula cha msiba. Tarehe 21 Machi Waziri Ummy Mwalimu akatangaza hadharani kwamba ni Marburg, homa kali ya virusi, wagonjwa 8, vifo 5, na watu 161 waliokaribiana nao wanafuatiliwa. Mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, wagonjwa walikuwa 9 na vifo 6.

Niwaambie hali ya wodini. Kabla ya jina, tulikuwa tunavaa glavu mbilimbili bila kujua tunaogopa nini, kila mgonjwa wa homa tunamtazama usoni. Siku jina lilipotoka nilitegemea wenzangu wakimbie. Ikawa kinyume. Mtu alijua avae nini, anawe vipi, nani akae chumba kipi. Kuvua gauni ndiko kwenye hatari kuliko kuvaa, kwa hiyo mmoja anavua na mwingine amesimama mbele yake anamsomea kwa sauti: nawa, vua glavu ya nje, nawa tena. Jina la ugonjwa lilitupa kazi ya kufanya, na mtu mwenye kazi hana nafasi ya kutetemeka.

---

#14 JichoLaTatu

Nesi, heshima kwako. Lakini usisahau Januari 2025, mkoa huohuo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likasema kuna watu 9 wanaoshukiwa kuwa na Marburg Kagera, 8 wamefariki. Wizara ikatoka ikasema sampuli zimepimwa, hakuna Marburg. Tarehe 20 Rais Samia akiwa Dodoma pamoja na Tedros, mkuu wa shirika hilo (WHO), akathibitisha kwamba yupo mgonjwa mmoja, Biharamulo. Siku sita hizo tuziite nini?

---

#15 NesiKagera

Tuziite siku sita za maabara, angalau kwa sehemu. Sampuli za mwanzo zilitoka hasi, na tulipotangaziwa ile moja chanya tuliambiwa nyingine 25 zilikuwa hasi. Hakuna waziri duniani anayeweza kutangaza Marburg juu ya sampuli hasi.

Ila nakubali jambo moja. "Hakuna" na "hatujauona mpaka sasa, tunaendelea kupima" ni kauli mbili tofauti. Mtu wa Biharamulo akisikia "hakuna" anarudi kuosha maiti kwa mikono kama kawaida. Akisikia ya pili atasita, na kule kusita ndiko tunakokutaka.

---

#16 JichoLaTatu

Hapo tumekutana.

---

#17 Mchumi_Mtarajiwa

Wakuu, darasani kwetu kila mwalimu anatupa mfano uleule: Tylenol, dawa ya maumivu, Chicago, 1982. Watu 7 walikufa baada ya kumeza vidonge vilivyotiwa sayanidi. Kampuni ya Johnson & Johnson chini ya James Burke ikasema wazi watu wasitumie, ikaondoa sokoni chupa kama milioni 31, gharama karibu dola milioni 100. Miezi michache baadaye dawa ikarudi madukani na kifungashio kinachoonyesha kama kimefunguliwa. Ndiyo sababu mpaka leo chupa ya dawa ina kile kikaratasi unachokitoboa. Hawakusema uongo hata mara moja. Sisi tunashindwa nini?

---

#18 Rubani_wa_Karatasi

Mdogo wangu, mwambie mwalimu akumalizie hadithi. Mwanzoni waandishi waliambiwa kwamba viwandani kwao hakuna sayanidi kabisa. Ikaja kujulikana kiasi kidogo hutumika maabara kwa vipimo. Walichofanya ni kujirekebisha wenyewe upesi. Hicho mimi nakiona kikubwa kuliko zile milioni 31.

Na kuna jambo lingine. Muuaji alikuwa mtu wa nje aliyechezea chupa zikiwa tayari madukani. Ni rahisi kuwa muwazi wakati kosa si lako. Mtihani wa kweli ni kosa likiwa lako.

---

#19 Mvita254

Rubani umesema kweli, na mfano uko hapa karibu. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian, Boeing 737 MAX, iliruka Addis kuja Nairobi, ikaanguka dakika 6 baadaye karibu na Bishoftu. Watu 157, na 32 kati yao ni Wakenya wenzetu. Siku ileile mkuu wa Ethiopian, Tewolde GebreMariam, alipigwa picha amesimama ndani ya shimo lenyewe, suti na udongo. Alikuwa hana jibu bado, lakini alikuwa pale.

Boeing wao walishaonywa na ajali ya Lion Air ya Oktoba 2018, watu 189, ndege ya aina hiyohiyo, na programu ileile iliyokuwa ikisukuma pua ya ndege chini. Baada ya Bishoftu bado wakasisitiza ndege ni salama, huku nchi moja baada ya nyingine ikiifungia. Ajali moja, taasisi mbili, nyuso mbili. Ile picha ya shimoni mimi siisahau.

---

#20 Mkerewe_Halisi

Nimesoma kimya tangu juzi. Nyie mnaanza kuhesabu saa ya ajali inapotokea. Kwetu ajali ilianza kabla.

MV Nyerere, Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kutoka Bugorora kwenda Ukara. Siku ya gulio. Kivuko cha watu 101, tulizika 228. Kilipinduka tunakiona, mita chache kutoka gati, watu wa kuwapokea wenzao wamesimama na baiskeli. Jioni uokoaji ukasimama kwa sababu ya giza. Siku ya pili baada ya ajali fundi wa kivuko akatolewa hai ndani, alikuwa amekaa kwenye nafasi iliyobaki na hewa. Hebu fikirieni ule usiku wa kwanza wengine walikuwa wapi.

Karani, wewe ulikuwa na vishina. Sisi aliyeuza tiketi alizama pamoja na mashine yake. Hesabu ya waliopanda ilibidi itokane na sisi, nani hajarudi nyumbani.

Rais Magufuli alivunja bodi ya TEMESA, wakala wa vivuko, watu wakakamatwa. Sawa. Lakini kila aliyekuwa akipanda kile kivuko alijua siku ya gulio kinajazwa. Mama muuza dagaa alijua. Mbunge alishalalamikia kivuko hicho Bungeni. Dalili zilikuwepo mezani mwa watu, na dalili haina msemaji. Mimi ukiniuliza taasisi inapimwa wapi, nitakwambia inapimwa siku ile mama wa dagaa anapolalamika, wakati hakuna mtu amekufa.

---

#21 KaraniWaTiketi

Mkerewe, poleni. Sina la kuongeza. Nasema tu kwamba hata basi letu, dereva alikuwa ameandika breki kwenye daftari la gereji mara mbili. Nililiona daftari lile kwa macho yangu.

---

#22 MPembaMuscat

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat lakini mzaliwa wa Wete. Septemba 2011 usiku wa Spice Islander nilikuwa huku huku, simu haikai mkononi. Meli imetoka Unguja usiku kuja Pemba, imejaa watu na mizigo, ikazama upande wa Nungwi. Walosalimika wengine walielea juu ya magodoro mpaka asubuhi.

Mkerewe kanikumbusha jambo la hesabu. Maiti zilopatikana zilikuwa zaidi ya 200, lakini tume ilipokuja kukaa ikakuta wasojulikana walipo ni zaidi ya elfu. Maana watoto hawakuandikwa, na walopanda bila tikiti hawakuandikwa.

Kijijini kwetu hawakungoja ofisi. Baada ya alfajiri wazee walipita nyumba kwa nyumba na daftari la madrasa, kila nyumba inaulizwa nani alikuwa Unguja, nani alisema anarudi leo. Ndugu yangu alinisomea orodha ile kwa simu, jina kwa jina, na kila jina anataja nyumba yake ili nisikosee. Ilichukua saa nzima. Katika siku ile, hicho ndicho kitu pekee nilichokiamini.

---

#23 Kapuku

Inna lillahi. Kwa hiyo tukirudi kwa Mvita254 aliyeuliza kuhusu akina Mama Zai watatu, jibu ndilo hilo la Wete: taja jina pamoja na nyumba.

---

#24 Mvita254

Hapo nimekubali. Ila kijiji kinajuana. Stendi haijuani.

---

#25 SimbaDamu_Mbozi

Wadau, wanaosema hatujui kusimamia majanga hawajaangalia mpira. Timu ikifungwa mechi tatu, saa sita usiku taarifa imetoka, kocha ameshukuriwa, nembo na muhuri juu. Wanajua kabisa mashabiki wakilala na hasira asubuhi geti litakuwa halipo.

Lakini nina kisa cha maana pia. Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Mbozi kiliwahi kuvumishiwa kwamba hela imeliwa. Msimu wa kahawa, watu wameshaingiza malipo yao. Asubuhi foleni imefika barabarani, kila mtu anataka kutoa chake. Mhasibu alitaka kufunga mlango, akasema mfumo una tatizo. Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, akamkatalia. Akatoa meza nje, akaweka juu yake barua ya salio kutoka benki na daftari la mikopo, akasema: "Anayetaka hela yake aje achukue, anayetaka kusoma aje asome." Watu kama ishirini wa mwanzo wakachukua. Waliofuata wakasoma. Kufikia saa saba foleni ilikuwa ya kusoma tu, wengine wanamsomea jirani asiyejua kusoma.

Mikopo miwili mikubwa ilikuwa mibovu, na iliandikwa pale pale wazi. Kulikuwa na maneno kweli, lakini chama kipo mpaka leo.

---

#26 BimaNiAkiba

SimbaDamu, huyo mama angekuja kutufundisha ofisini kwetu. Mhasibu wa "mfumo una tatizo" tunaye kila taasisi.

---

#27 DC_Mstaafu_Hewa

Niongeze la kisheria maana naona mnaliacha. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, na kamati za maafa zipo kuanzia kijiji mpaka taifa, wilaya chini ya DC, mkoa chini ya RC. Likitokea janga kubwa, kampuni inaogopa kumtangulia mkuu wa wilaya kusema, na mkuu wa wilaya anasubiri polisi wathibitishe. Si kwamba kila mtu ni mkatili. Kila mtu anasubiri aliye juu yake. Zamu ya kusema inapanda ngazi, na aliyekaa chini ndiye aliyeshika taarifa.

---

#28 JichoLaTatu

Si ndilo nililosema #3! Woga wa mkubwa. Umeliandika kwa lugha ya ofisi tu.

---

#29 MwalimuMstaafu

JichoLaTatu, utaratibu na woga si kitu kimoja mwanangu, ingawa mara nyingi hulala kitanda kimoja.

---

#30 Rubani_wa_Karatasi

Kwa mabasi nadhani tiketi mtandao imesaidia. Siku hizi jina na namba ya simu vinaingia kwenye mfumo, orodha iko palepale hata ofisi ikizima kitochi.

---

#31 KondaMkongwe

Mkuu, mimi niko barabarani. Mfumo unamjua aliyekata tiketi stendi. Ukitoka Msamvu unafika Dumila kuna wawili wanapunga mkono, unawabeba. Gairo wanashuka watatu wanapanda wanne. Hao wa njiani mfumo hauwajui. Basi likianguka mimi ndiye orodha, na mimi mara nyingi nimesimama mlangoni.

---

#32 Nshomile_wa_Kashai

KondaMkongwe, Mungu akulinde. Sasa hao wa njiani waandikwe na nani?

---

#33 KondaMkongwe

Mimi nimeanza kuwaandika kwenye daftari dogo, kila kituo naupiga picha ukurasa namtumia mke wangu. Ofisini niliwaambia, wakasema si utaratibu. Naendelea kumtumia mke wangu.

---

#34 Kapuku

KaraniWaTiketi, kuna swali linanisumbua tangu #1. Yule mzee wa kofia, mwanawe alipona?

---

#35 KaraniWaTiketi

Nilitegemea mtu ataniuliza.

Alfajiri mzee alipata lori, akaenda mpaka hospitali walikopelekwa majeruhi. Akapita wodi zote. Akafunuliwa maiti moja moja, akazitazama zote. Mwanawe hakuwemo. Akaambiwa asubiri, huenda kuna wengine bado wako chini ya basi.

Mimi mkurugenzi alifika saa nne asubuhi, ndipo nikaruhusiwa kufungua droo. Nikavitoa vishina nikaanza kunakili. Kishina cha siti ya 31 kilikuwa na jina la yule kijana, na mbele yake mwandiko wangu mwenyewe: "hadi Gairo." Nauli ya Gairo. Alimwambia baba yake anakwenda Dodoma, akabadili shauri akashuka kwa rafiki. Basi lilianguka yeye ameshashuka, simu haina chaji.

Nilipompigia mzee namba aliyoniachia, hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza kile kishina nilikuwa nacho tangu saa ngapi.